Maabara ndani ya tone la damu: Kakuma walijaribu, Singida je?

MKULIMA wa vitunguu mkoani Singida hahitaji kufundishwa darasani kwamba kuna vitu vinavyokataa maji. Anaposimama shambani na bomba la dawa mgongoni, akanyunyizia majani yale ya mviringo dawa iliyochanganywa na maji peke yake, huona matone yakijikusanya kama shanga, yakaviringika na kudondoka ardhini, huku wadudu waliokusudiwa wakiendelea kufyonza majani kana kwamba hakuna lililotokea. Ndiyo maana wakulima wazoefu huongeza kitu cha kuifanya dawa inate, na anayekosa hicho hutia sabuni kidogo.

Jani la kitunguu limefunikwa kwa nta. Nta hiyo ni hasara kwa anayepulizia dawa, lakini katika maabara za Japani, China, Canada na Marekani, tabia hiyo hiyo ya kukataa maji imekuwa ikitafutwa kwa udi na uvumba kwa zaidi ya miaka 20. Watafiti huko wanatengeneza vibao ambavyo maji hayashiki juu yake, kisha wanakwenda hatua moja mbele zaidi: wanataka kibao kibadili tabia pale tu kinapomulikwa, ili tone la majimaji lisogee, lisimame, ligawanyike au liungane na jingine bila kuguswa na mkono wala mrija.

Kwa msomaji wa mjini jambo hili laweza kuonekana kama mchezo wa wasomi. Lakini kiini chake ni upimaji wa magonjwa, na upimaji wa magonjwa ni suala ambalo mkoa kama Singida hauwezi kulichukulia kama mchezo.

Singida ina wakazi zaidi ya milioni 2 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, waliotawanyika katika wilaya za Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na Singida yenyewe. Sehemu kubwa ya mkoa ni nyika kavu yenye mvua za msimu mmoja, na vijiji viko mbalimbali. Wako wakazi wa Mkalama ambao wakizidiwa huvuka mpaka wa mkoa na kwenda Hospitali ya Haydom, iliyoko Mbulu mkoani Manyara. Katika zahanati, kipimo cha malaria hupatikana papo hapo, kwa kuwa kile kikaratasi chenye mistari kimeenea nchi nzima. Lakini vipimo vinavyohitaji mashine, kama kile cha wingi wa virusi vya Ukimwi au cha mtoto mchanga aliyezaliwa na mama mwenye virusi, hutegemea safari. Damu huchukuliwa kijijini, husafirishwa hadi maabara kubwa, na majibu hurudi baadaye. Mama hurudi nyumbani na mtoto wake mgongoni, bila jibu.

Safari hiyo ya damu imekuwa ikilipiwa kwa kiasi kikubwa na fedha za nje. Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, na hatimaye Shirika la Maendeleo la Kimataifa la Marekani kufungwa rasmi Julai mwaka huo, nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zilijikuta zikihesabu upya ni huduma zipi zilizokuwa zikisimama kwa miguu yao na zipi zilizokuwa zimeegemea ukuta wa jirani. Maabara zilikuwa katika kundi la pili. Mashine inaweza kubaki pale ilipo miaka 10, lakini bila vitendanishi ni sanduku tu.

Bei ya vitendanishi nayo ina historia yake. Kwa miaka mingi katriji moja ya kupima kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert iliuzwa kwa nchi maskini kwa dola 9.98 za Marekani. Ilipofika Septemba 2023, baada ya shinikizo la muda mrefu la mashirika ya afya na wanaharakati, kampuni ya Cepheid ilikubali kushusha bei hiyo hadi dola 7.97. Yaani upunguzaji wa dola 2 ulihitaji kampeni ya kimataifa. Mashine yenyewe inataka umeme usioyumba na chumba ambacho joto lake halizidi nyuzi 30, masharti ambayo zahanati ya kijijini Ikungi mwezi wa Oktoba haiwezi kuyaahidi.

Hapo ndipo habari ya tone inapoingia.

Tone la kawaida la maji ya bomba lina ujazo wa mikrolita 50 hivi. Ina maana kwamba mililita moja hutoa matone kama 20. Wanaoshughulika na elimu hii hufanya kazi na mikrolita moja tu au chini ya hapo, kiasi cha kutosha mchemraba wenye ubavu wa milimita moja. Tone moja la damu kutoka kidoleni lingetosha vipimo kadhaa. Kinachotakiwa ni kulisogeza tone hilo kutoka kituo hadi kituo: hapa lichanganywe na kitendanishi, pale lioshwe, kule lisomwe. Kazi ambayo katika hospitali kubwa hufanywa na mtaalamu, mirija na mashine za ukubwa wa kabati, ifanyike juu ya kibao kinachoenea kiganjani.

Hilo limekwisha kufanyika katika Afrika Mashariki. Mwaka 2016 watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, walipeleka sanduku la aina hiyo katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaunti ya Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya. Walichukua damu ya vidoleni kwa watoto na walezi wao wapatao 144 na kupima kama miili yao ilikuwa na kingamwili za surua na rubela. Majibu yalilinganishwa na yale ya maabara kubwa, na kwa magonjwa yote mawili yalikubaliana kwa zaidi ya asilimia 80. Taarifa ya kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2018 katika jarida la kisayansi la Marekani, Science Translational Medicine.

Asilimia 80 na kitu si haba kwa jaribio la kwanza lililofanywa kwenye vumbi la Turkana, ingawa hakuna wizara ya afya inayoweza kuidhinisha kipimo cha namna hiyo kwa mgonjwa mmoja mmoja. Cha kuzingatia ni mahali lilipofanyika. Kakuma ni nyika yenye joto na uhaba wa maji, na mtu anayeifahamu Manyoni au Itigi hatapata taabu kuifikiria.

Sanduku la Kakuma liliendeshwa kwa umeme, si kwa mwanga. Chini ya kibao kulikuwa na safu za elektrodi ndogo, zilizochapwa kwa wino wa madini ya fedha, na juu yake utando usioshika maji. Elektrodi moja ikipewa umeme, tone lililo jirani huvutwa kuelekea huko, halafu ya pili, halafu ya tatu, mfano wa mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Utando ule ndio unaoliwezesha tone kusogea, maana bila huo tone lingetambaa na kulowanisha kila kitu. Kwa hiyo nusu ya elimu inayozungumzwa hapa, yaani ile ya kibao kinachokataa maji, Kakuma waliijaribu. Nusu ya pili, ya mwanga kuchukua nafasi ya nyaya, bado imo ndani ya maabara.

Historia ya nusu hiyo ya pili inavutia. Mwaka 1997 kundi la Akira Fujishima wa Japani lilieleza katika jarida la Nature kwamba kioo kilichopakwa titani dioksaidi, unga mweupe ule ule unaotumika kwenye rangi za nyumba, hubadilika kikipigwa na mwanga wa urujuanimno: maji yaliyokuwa yamejikusanya matone hutandaa na kuwa utando mwembamba. Mwaka huo huo, huko Ujerumani, wataalamu wa mimea Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis walichapisha maelezo yao kuhusu jani la lotasi, wakionesha kwamba siri ya usafi wake ni nta iliyosimama juu ya vijivimbe visivyoonekana kwa macho, ambavyo huhifadhi hewa chini ya tone. Tone hukaa juu ya hewa kuliko juu ya jani.

Miaka 3 baadaye, Kunihiro Ichimura na wenzake walionesha katika jarida la Science tone la mafuta ya zeituni likitembea juu ya kibao kwa kuongozwa na mwanga. Walitumia molekuli za azobenzini, ambazo hujikunja zikimulikwa kwa urujuanimno na kunyooka tena zikimulikwa kwa mwanga wa buluu. Upande mmoja wa tone ukiwa juu ya molekuli zilizojikunja na upande wa pili juu ya zilizonyooka, tone huvutwa kwenda pale linapopendezwa zaidi. Mwaka 2005 kundi la David Leigh, wakati huo akiwa Edinburgh, lilipandisha tone la kemikali nzito kwenye mteremko wa nyuzi 12 kwa mwanga peke yake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, walitengeneza vimirija ambavyo hubadilika umbo vikimulikwa na kusogeza majimaji yaliyomo ndani.

Msomaji makini atakuwa ameona jambo. Mafuta ya zeituni, kemikali nzito. Maji yako wapi?

Swali hilo ndilo lililowasumbua watafiti kwa muda mrefu, na ndilo linalopaswa kuulizwa na yeyote atakayekuja kuiuzia Serikali teknolojia hii kwa maneno matamu. Maji hung'ang'ania. Juu ya kibao bapa cha kawaida, badiliko linaloletwa na mwanga ni dogo kuliko ung'ang'anizi wa maji, na tone halisogei. Ndipo ukaja umuhimu wa kuiga jani la lotasi na la kitunguu: uso ukiwa na vijivimbe na hewa ndani yake, maji hayapati pa kushika, na msukumo mdogo tu hutosha. Lakini nyuso hizo nazo zina uzito wake. Mwaka 2004 watafiti wa Beijing walitengeneza msitu wa vijiti vidogo mno vya zinki oksaidi ambao maji yaliuviringikia kama risasi. Ulipomulikwa kwa urujuanimno saa 2, uligeuka na kuyanywa maji yote. Kuurudisha katika hali yake ya kwanza kulihitaji kuuweka gizani siku 7. Maabara ya siku 7 haina tofauti na basi linalopeleka damu Dodoma.

Njia zilizoelekea kufanikiwa zaidi ni zile zilizoacha kuutegemea mwanga kubadili tabia ya uso moja kwa moja, zikautumia kuwasha kitu kingine. Mwaka 2003 Pei Yu Chiou, Ming Wu na wenzao huko California waliweka chini ya tone tabaka la silikoni ambalo hupitisha umeme pale tu linapomulikwa. Doa la mwanga likasogezwa, na tone likalifuata. Elektrodi zile za wino wa fedha zikawa hazihitajiki, kwani mwanga ndio uliochora njia, na njia ingeweza kufutwa na kuchorwa upya. Watafiti wengine hutumia mwanga kupasha joto sehemu ndogo ya kibao. Mwaka 2022 kundi la Shenzhen, China, lilieleza kuhusu uso laini unaoteleza ambao ukimulikwa hujenga chaji za umeme zinazolivuta tone. Faida kwa nchi maskini iko hapo hapo: sehemu ya gharama, yaani taa na kamera, hubaki kwenye sanduku, na kibao kinachotupwa baada ya kila mgonjwa huwa rahisi.

Je, kibao hicho kingestahimili Singida?

Kikwazo cha kwanza ni jua lenyewe. Ni rahisi mtu kusikia neno mwanga akadhani mkoa wenye jua la kutosha mwaka mzima, ulio kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, umeumbiwa teknolojia hii. Ni kinyume chake. Kibao kinachoongozwa kwa mwanga kinahitaji mwanga uliopimwa, mahali palipopangwa, kwa sekunde zilizohesabiwa. Jua likipenya dirishani humulika kila mahali kwa pamoja na kuvuruga kila kitu. Kifaa kitalazimika kufanya kazi ndani ya sanduku la giza, na jua litabaki na kazi yake ya kawaida ya kuchaji betri.

Cha pili ni ukavu. Tone la mikrolita moja likiachwa wazi kwenye upepo wa Singida wa mwezi Septemba hukauka katika dakika chache, na linapokauka vitendanishi huzidi makali na jibu huwa la uongo. Kulifunika kwa mafuta ni dawa mojawapo, lakini huongeza gharama na uchafu. Vumbi nalo lisisahauliwe, kwa maana chembe moja ya mchanga mbele ya tone la ukubwa huo ni sawa na gogo barabarani.

Cha tatu ndicho kigumu kuliko vyote, na mkulima wa vitunguu angekielewa upesi. Damu si maji. Ina protini nyingi, na protini hufanya kama ile sabuni anayotia kwenye bomba la dawa: hulifanya tone linate. Kibao kinachokataa maji safi kwa ufasaha kinaweza kushindwa kabisa baada ya damu kupita juu yake mara mbili tatu, na masalia ya mgonjwa wa kwanza yakaingia katika jibu la mgonjwa wa pili. Katika maonesho mengi yanayosambazwa kwenye video, tone linalotembea kwa madaha ni la maji yaliyotiwa rangi. Anayetaka kushawishika na aombe kuona damu.

Lipo pia suala la kemikali. Nyuso nyingi zisizoshika maji, ukiwamo utando wa Teflon, hutegemea kemikali zenye florini ambazo hazioziki, na ambazo nchi 5 za Ulaya zilipendekeza mwaka 2023 zipigwe marufuku kwa upana katika Umoja wa Ulaya. Kemikali hizo si sawa na floraidi ya asili inayopatikana katika maji ya visima, na haifai kuzichanganya. Hata hivyo mkoa ambao tayari unapambana na floraidi ardhini unapaswa kuuliza vibao vilivyotumika vitachomwa wapi, na moshi wake utaelekea kwa nani.

Na kwa kuwa floraidi imetajwa, hapo huenda ndipo Singida ingeweza kuanza. Mkoa huu ni miongoni mwa maeneo ya ukanda wa Bonde la Ufa ambayo maji yake ya chini yana floraidi nyingi mahali pengi, ile inayoacha meno ya watoto na madoa ya kahawia na, ikizidi kwa miaka mingi, kupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa sababu ya uhaba wa maji, iliwahi kuruhusu hadi miligramu 8 vijijini kabla ya kiwango hicho kushushwa. Kisima kimoja kinaweza kuwa salama na cha jirani yake kisiwe. Kwa hiyo kila kisima kinahitaji kupimwa chenyewe, na kupimwa tena. Maji ya kisima hayana protini za damu, na jibu likikosewa kidogo leo laweza kurudiwa kesho bila mtu kupoteza maisha. Kwa kifaa cha tone, huo ni mtihani mwepesi kuliko damu, na wenye manufaa yasiyo na shaka.

Wataalamu wa kuusimamia wapo. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela, iliyoko Arusha, ndiyo iliyomtoa Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Karatu, ambaye mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kwa chujio lake la maji linalotumia mchanga na chembe ndogo zilizotengenezwa kunasa uchafu wa eneo husika, floraidi ikiwamo. Chujio hilo linafundisha jambo ambalo wanaoshabikia mashine za nje hulisahau: lilifanikiwa kwa sababu lilianza na maji ya mahali fulani, pamoja na uchafu wake, badala ya kuanza na kifaa na kukitafutia matatizo.

Kinachokosekana ni fedha za kudumu. Nchi za Umoja wa Afrika zilijiwekea lengo la kutumia asilimia 1 ya pato la taifa katika utafiti, lengo ambalo Tanzania, kama nyingi ya wenzake, haijalifikia. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986, imekuwa ikigawa kidogo ilicho nacho kwa wengi. Si lazima Tanzania ivumbue uso unaojibu mwanga. Inalazimu hata hivyo iwe na watu wachache wanaoweza kuuweka kwenye meza yao, wakaudondoshea damu ya kweli na maji ya kisima cha Singida, na kusema kwa uhakika unafanya kazi au haufanyi. Bila watu hao, uamuzi wa kununua utafanywa kwa kutazama picha za muuzaji.

Kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na bima inapoenea watu wengi zaidi hujitokeza kupimwa, kwa kuwa hakuna anayeiacha huduma aliyokwisha kuilipia. Kwa Singida hilo litamaanisha sampuli nyingi zaidi kwenye barabara zile zile. Serikali ikiamua kutatua tatizo hilo kwa mashine kubwa na katriji za kampuni moja, itakuwa imejifunga kwa bei ambayo miaka mingi ya kampeni iliipunguza kwa dola 2. Ikiamua kuingoja teknolojia ya mwanga ikamilike, itangoja pengine miaka 10, pengine zaidi.

Kati ya njia hizo mbili lipo sanduku la Kakuma, la umeme, lenye kasoro zake na asilimia zake 80 na kitu. Limekwisha kukanyaga ardhi ya Afrika Mashariki, vibao vyake vinaweza kuchapwa, na kutoka Arusha, waliko wataalamu, hadi Singida ni safari ya siku moja kwa barabara ya lami inayopita Babati. Visima vya kuanzia havihitaji kutafutwa.